Mama Mdogo

Siku Nesi alipowaambia wakimbie, Dobi alicheka mpaka akajishika mbavu. Akimbie? Yeye ambaye kupanda ngazi za chumba cha kufulia pale kwenye nyumba ya wageni alikofanya kazi kulimfanya ahemewe kama mtu aliyefukuzwa na mbwa? Aliwatazama wenzake waliosimama uwanjani nyuma ya zahanati. Mmoja alivaa viatu vya ofisini, mwingine kandambili, na mzee mmoja mwembamba, dereva wa zamani aliyeitwa Breki, alikuwa ameipandisha suruali yake ya kitambaa hadi karibu na kifua.

"Nesi," Breki akasema, "gari langu gia ya nne ilishakatika. Niache niende na ya pili."

Kundi zima likaangua kicheko, na kwa kicheko hicho mpango ukaanza.

Wote walikuwa wakitumia dawa za akili. Nesi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha na macho ya huruma, aliwaeleza bila kuwazungusha: dawa hizi hutuliza kichwa, lakini mwili nao una madai yake. Huongeza njaa, hunenepesha, hukaribisha sukari na shinikizo la damu. Mtu asiponyoosha miguu na kuangalia anachokula, atapona ugonjwa mmoja akazikwe na mwingine. Kwa hiyo wangekutana kila Jumamosi, watembee, wajifunze kupika kwa mafuta kidogo, waache sigara wanaovuta, walale mapema. Na kila mmoja alitakiwa aje na msindikizaji, ndugu wa kumtia moyo siku atakapokata tamaa.

Dobi alisindikizwa na dada yake.

Hakuna aliyeshangaa. Dada mtu ndiye aliyekuwa nguzo yake tangu maradhi yalipomwangukia, akiwa na kichanga ambacho hata kitovu hakijakauka. Siku zile Dobi alisikia sauti zikimwambia mambo ambayo mama hapaswi kuambiwa. Ni yeye mwenyewe aliyemkimbilia dada yake, akamwekea mtoto mikononi na kumwambia, "Nibebee huyu mpaka nipone." Kisha akalazwa. Alipotoka, akarudishwa tena, akatoka tena. Kupona kwake kulikuja kama maji ya bomba la mtaani, leo yapo, kesho hayapo. Na ulimi wa mtoto, ambao huita yule anayemlisha, ukajifunza kumwita dada yake Mama. Dobi akawa Mama Mdogo.

Mtoto mwenyewe alikuwa amefika umri wa kung'oa meno ya mbele. Aliongea tangu anapoamka hadi usingizi unapomkata kauli, ndiyo maana wakamwita Chiriku.

"Tutamwambia lini?" Dobi alimuuliza dada yake walipokuwa wakirudi kutoka uwanjani Jumamosi ile ya kwanza.

Dada mtu alimshika mkono. "Maliza mpango huu. Maliza wote, usirukeruke. Mwili ukikaa sawa na kichwa kikatulia, nitamketisha mtoto nimwambie kwa kinywa changu. Halafu pole pole ataanza kulala kwako. Mimi na wewe ni damu moja, au siyo?"

"Ni damu moja," Dobi akajibu, na usiku huo alilala kama mtu aliyetua mzigo.

Basi akashika njia. Nani amewahi kumwona mtu akiagana na sukari kama anayeaga mpenzi? Dobi alifanya hivyo. Chai ya kazini akainywa chungu, huku wenzake wa pasi wakimkejeli kwamba amepata mchumba daktari. Akaacha sigara kwa mateso, akitafuna karoti mpaka mfanyakazi mwenzake akamuuliza kama amegeuka sungura. Jioni zilizokuwa zikimkuta kitandani zilianza kumkuta barabarani. Na Jumamosi dada yake alikuwa kando yake, raba nyeupe miguuni, akimhimiza: "Twende, mdogo wangu, usiangalie nyuma."

Mwili uliitika. Siku moja alipanda ngazi za chumba cha kufulia akiwa na kapu la mashuka begani, akafika juu, akagundua kwamba alikuwa akiimba.

Siku ya kuhitimisha mpango, zahanati iliandaa hafla ndogo. Vitanda vya chumba cha mapumziko vilisukumwa ukutani, meza zikajazwa matunda yaliyokatwakatwa. Breki alitoa hotuba, akasema sasa gia ya nne imerudi, kilichobaki ni kutafuta abiria. Watu wakapiga makofi. Dobi alikuwa amevaa gauni lililokaa kabatini kwa miaka kwa kukataa kufungwa zipu. Aliamini kwamba baada ya hafla watakwenda nyumbani, na dada yake atalitoa lile neno.

Chiriku alikuja akaketi karibu naye, kipande cha tikiti mkononi, maji yakimchuruzika hadi kiwikoni.

"Mama Mdogo, umemaliza kabisa mazoezi?"

"Nimemaliza, mwanangu."

"Basi sasa naweza kukuambia!" Mtoto akashusha sauti, nayo ilisikika vilevile. "Tunahama! Baba alihamishwa kazi zamaaani, hata hujaanza kukimbia. Kule ni mbali, unalala ndani ya basi. Mama alisema nisikuambie mpaka umalize, ili usiumwe. Utakuja kututembelea?"

Dobi aliinua kitambaa akamfuta mtoto kiwiko. Akamfuta na cha pili, ambacho hakikuwa na kitu.

"Nitakuja," alisema.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Dobi alikuwa ameshika nguo za watu maisha yake yote, akazigeuza nje ndani, akaziona siri zake za pindoni. Hakuwahi kufikiri methali hiyo ilimhusu. Kilichomkata maini hasa hakikuwa safari. Serikali huhamisha watu, na mke humfuata mumewe. Kilichomkata ni zile Jumamosi. Kila hatua waliyopiga pamoja dada yake alikuwa akijua. Kila "twende, mdogo wangu" ilitoka katika kinywa kilichokuwa kikihesabu siku za kuondoka.

Alimkuta dada yake jikoni mwa zahanati, akisuuza bakuli.

"Mnahama."

Bakuli liligota kwenye sinki. "Nani kakuambia?"

"Mtu pekee katika nyumba yako asiyejua kudanganya."

"Nilitaka kukuambia leo."

"Uliniahidi mtoto, dada. Uliniahidi huku umenishika mkono."

"Nilikuahidi kitu cha kukuinua kitandani! Na si umeinuka? Jitazame! Ningekuambia siku ile, ungekuwa wapi leo? Ungekuwa wodini!" Dada mtu alikuwa ameanza kulia. "Nimemlea yule mtoto. Homa zake mimi, meno yake mimi. Unataka nimchane vipande viwili?"

"Nilitaka useme kweli!"

Sauti yake ilipaa kuliko alivyokusudia. Kelele za hafla upande wa pili zikakatika. Na hapo dada yake akafanya jambo ambalo Dobi hatalisahau. Akafuta machozi, akalegeza uso, akauliza kwa ile sauti laini ambayo watu huitumia kuzungumza na wagonjwa:

"Umemeza dawa leo?"

Dobi alifunga mdomo. Alielewa kwamba kila neno atakalolitamka sasa litakuwa ushahidi dhidi yake. Akilia, ni ugonjwa. Akipiga kelele, ni ugonjwa. Mwenye akili timamu akidhulumiwa hukasirika, watu wakasema ana haki. Yeye akikasirika, watu hutafuta namba ya hospitali. Akachukua mkoba wake akatoka kwa mlango wa nyuma.

Siku mbili hakwenda kazini. Alilala akiwa ameelekea ukutani, na vidonge vikabaki juu ya meza vikimtazama. Kwa nini avimeze? Vilikuwa nauli ya safari iliyokwisha futwa. Alfajiri ya tatu alikaa kitako, akavitia mdomoni akavimeza kwa hasira, bila kujua anavimeza kwa ajili ya nani. Alipokwisha vaa viatu ndipo alipotambua kwamba, kwa mara ya kwanza, hapakuwa na mtu aliyesubiri kuzawadiwa kupona kwake.

Alikwenda moja kwa moja kwa Nesi.

"Nina swali. Hasira ni dalili?"

Nesi aliweka kalamu chini. "Unalala?"

"Jana nililala."

"Unasikia sauti?"

"Naisikia ya dada yangu tu, ikinidanganya."

"Hiyo hasira ina sababu?"

"Inayo."

"Basi ni hasira," Nesi akasema. "Sina dawa yake."

Dobi alitembea hadi nyumbani kwa dada yake. Ni mwendo ambao zamani angeutafutia usafiri. Alikuta maboksi yamepangwa barazani na shemeji yake akifunga godoro kwa kamba. Shemeji alipomwona alishindwa kumtazama usoni.

"Sikuja kugombana, shemeji. Wala sikuja kuchukua mtoto. Mtaondoka naye. Lakini hataondoka bila kujua mimi ni nani kwake."

Dada mtu alitokea mlangoni, macho yamevimba. "Usimfanyie hivyo. Ni mdogo."

"Alipofundishwa kuficha siri hakuwa mdogo?"

Shemeji aliikaza kamba, akailegeza, akaikaza tena. Hatimaye akasema bila kuinua kichwa, "Mama watoto, mwache."

"Nawe pia?" dada mtu akamuuliza mumewe, na katika maneno hayo mawili Dobi alisikia kitu alichokifahamu vizuri mno. Karibu amwonee huruma. Hakumwonea.

Chiriku alikuwa chumbani, ameketi juu ya boksi la vitabu, akipigisha visigino. Dobi alivuta boksi jingine wakawa magoti kwa magoti. Nyuma yake alisikia nyayo zikija, zikasimama kizingitini. Hazikuingia, hazikurudi.

"Nataka kukusimulia kitu," Dobi alisema. "Ni habari ya siku uliyozaliwa."

Visigino vya mtoto vilitulia. "Kwani ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Karibu na Mama?"

Mlangoni dada yake alivuta pumzi. Dobi hakugeuka. Aliishika mikono ya mtoto, kisha akaanza.