Uzi Usio na Fundo

Tangu barua za mwanawe Randu zianze kuadimika, nyumba ya Mama Kafedha pale Magogoni haikuwa na fundo hata moja. Aliyafungua yote kwa mkono wake. Senti hakuzifunga tena kwenye pindo la leso, alizitia katika kifuu cha nazi. Kamba ya nguo aliizungusha tu kwenye msumari, ikawa yaanguka na nepi za mtoto kila uchao. Ya mbuzi nayo aliizungusha vivyo hivyo kwenye kigingi. Mbuzi akajiendea zake, akala mchicha wa jirani mpaka mizizi. Mama Kafedha akaenda kuomba radhi kichwa juu.

"Mwanangu yuko vitani Bama, ng'ambo ya bahari," alisema. "Nikifunga fundo huku, njia yake yafungika kule. Mchicha utaota."

Alikuwa amebatizwa, na Jumapili hakukosa kanisani Frere Town. Lakini la mafundo, alisema, Mungu alilijua kabla ya wamishenari.

Aliyeumia ni Jumwa, mkazamwana wake. Siku mavyaa alipomkuta na sindano ya kroshia mkononi, alimtazama kama aliyemfumania na kisu. "Wafunga nini hapo?" Tangu hapo kufuma kukawa haramu, na kutoka pia, kwa kuwa mke wa mtu aliye vitani hazururi. Kisimani akaenda na mavyaa, kanisani akaenda na mavyaa. Saa nyingine zote ilikuwa yeye, Masha wake wa miezi minane ambaye baba hajamwona, na kuta nne za udongo. Alizijua nyufa zake zote. Kulikuwa na mmoja juu ya kitanda uliofanana na mto wenye vijito, na Jumwa alikuwa akiufuata kwa macho mpaka unapoishia, kisha anaanza upya.

Alichokikosa ni Jumamosi. Kila Jumamosi alasiri wanawake wafumaji walikutana kwenye baraza ya kanisa, wakatundika kwenye kamba ndefu walichofuma juma hilo, soksi za askari, kofia za watoto, vitambaa vya meza. Kila mmoja akapita akishika kazi ya mwenzake, akiuliza, akicheka, akiiba mtindo. Jumwa ndiye aliyekuwa akiwasomea karatasi ya maelezo ya kufuma, maana alisoma darasa la jioni kabla ya kuolewa. Pale hakuwa mke wa Randu wala mama Masha. Alikuwa Jumwa.

Kwa hiyo alifuma kwa siri. Sufu haikupatikana madukani kwa ajili ya vita, basi Agneta, shoga yake, alimpenyezea uani, kwenye tundu la makuti, fulana kuukuu nyeupe ya sufu na soksi moja ya kijani. Jumwa alizifumua, akafuma shali ya mtoto: katikati nyeupe, pembeni kijani, mawimbi matupu. Aliificha chini ya unga wa mahindi, ndani ya kapu. Jumamosi moja ilikuwa imebaki safu moja tu. Kutoka angetokaje? Hakujua. Alijua tu kwamba shali ile lazima itundikwe, hata kama ni Agneta atakayeibeba.

Mama Kafedha aliingiza mkono kapuni kupima unga wa sima, akaitoa shali kwa pembe moja, unga ukimwagika.

"Kumbe!" Sauti yake ilikuwa ndogo, na hilo ndilo lililomtisha Jumwa. "Kumbe wewe ndiye unayemfunga mwanangu."

"La, mama. Hakuna fundo humo, wallahi."

"Vitundu vyote hivi, na hakuna fundo? Mimi mtoto?"

Jumwa alimweka Masha mkekani. Maneno yangemfaa nini? Aliichomoa sindano kutoka kitanzi cha mwisho, akaushika uzi, akauvuta.

Ilifumuka. Mawimbi ya kijani yalianguka safu kwa safu, trrr, trrr, usiku wake wote wa miezi minne ukirundikana mapajani ukiwa umejikunjakunja. Mama Kafedha alichuchumaa akiupitisha uzi vidoleni kama anayetafuta chawa. "Haya," alinong'ona. "Haya. Kweli."

Kisha vidole vyake vikasimama. Pale kijani ilipokutana na nyeupe palikuwa na fundo. Dogo kama mbegu ya mchicha. Jumwa alikuwa amelisahau kabisa.

"Ulilifunga lini?"

"Mwezi wa tatu, mama."

Barua ya mwisho ilikuwa ya mwezi wa tatu. Jumwa alijiambia kwamba barua hukawia kwa sababu ya meli na vita. Darasa la jioni lilimfundisha hivyo. Hata hivyo alijikuta akihesabu miezi kwa vidole, toka wa tatu mpaka leo.

"Hodi! Jumwa, watu washaanza kutundika!" Agneta alikuwa nyuma ya makuti, na safari hii hakunong'ona.

"Ingia," alisema Mama Kafedha, kabla Jumwa hajafungua kinywa. "Ingia uone kazi yenu."

Agneta aliingia, akaona uzi, akaona nyuso. Mama Kafedha alikuwa tayari ameliweka fundo menoni. Alilitafuna, akalichokonoa kwa ukucha, likaachia. Ncha mbili zikabaki mkononi mwake, ya kijani na nyeupe.

"Ni hilo tu, mama?" Agneta aliuliza. "Mbona sufu haihitaji fundo? Shoga, hukuniuliza?" Akazichukua ncha, akazichambua nyuzinyuzi, akazilaza pamoja kiganjani. Akazitemea mate, akazisugua viganjani kwa nguvu mpaka zikapata moto. Kisha akamrudishia mzee. "Vuta."

Mama Kafedha alivuta. Akavuta tena, kwa mikono miwili, uso ukimkunjana. Uzi ulishika.

"Bila fundo," alisema.

"Bila fundo, mama."

Aliupapasa pale kijani ilipogeuka nyeupe. Halafu alimbeba Masha mgongoni, akampachika kwa leso ambayo ncha zake alizipenyeza tu. "Twendeni. Nitaipapasa kamba yote hiyo. Nikikuta fundo la yeyote, mkazamwana wangu harudi tena huko. Na kengele ikilia, nyumbani."

Jumwa aliufuata mgongo wa mavyaa njia nzima, kidonge cha uzi mkononi, hana cha kutundika. Barazani wanawake walisogea wakampisha. Mama Kafedha alipita kamba toka mwanzo hadi mwisho, akibinya soksi za watu mojamoja, nao wakasimama kama watoto wanaokaguliwa kucha. Agneta alikuwa amemtangulia hatua tatu, akifungua mafundo, akilowesha ncha, akisugua.

Jumwa alikaa pembeni. Akatengeneza kitanzi cha kwanza, akakivuta kuhakikisha kwamba kinafunguka, kisha akaanza kuhesabu vitanzi.