Pua ya Papa Carmel

Tangu homa ile mbaya impitie mumewe, kazi ya kunusa ilimwangukia Adelaïde. Pua yenyewe ilibaki palepale usoni pa Twizeyimana, kubwa na nzuri kama zamani, ila haikusikia tena harufu yoyote, iwe ya kahawa, ya moshi au ya zizi. Mtu mwingine angelalamika siku mbili tatu, akazoea. Lakini Twizeyimana alikuwa mtengeneza jibini wa kijiji cha Mushaki tangu ujana wake, na jibini ikianza kuharibika, harufu ndiyo hutangulia kutoa habari.

Basi kila asubuhi waliingia wote wawili katika chumba cha jibini. Mume alitoboa moja kwa kisu, akachomoa kipande chembamba, akamsogezea mkewe puani.

"Sema, Mama Carmel."

Mwanzoni alisema tu inanuka au hainuki. Shida ni kwamba wanunuzi hawakukosa mlangoni, na neno "inanuka" likitoka, mnunuzi naye anatoka.

Aliyewaokoa ni binti yao Carmel, aliyesomea Uganda wakati wa ukimbizi na sasa anafundisha Kiingereza mjini Masisi. Alikuja likizo akiandaa somo la maneno ya Kiingereza ya harufu mbaya, na baba yake akayadaka. Whiff ni harufu inayochungulia tu na kuondoka: jibini hiyo ioshwe kwa maji ya chumvi, itapona. Stink inanuka kweli: itengwe na wenzake. Reek ni uvundo unaokufuata hata ukitoka nje: hiyo ni ya shimoni.

"Na haya maneno haiko ya pua tu," Carmel alieleza. "Waingereza wakiona mambo iko na uongo ndani, wanasema ile mambo inanuka, hata kama haina harufu."

"Kumbe wako kama siye," baba yake alicheka.

Tangu hapo wakawa na lugha yao ya chumbani. Wanunuzi kutoka Goma waliwasikia wazee hawa wakitupiana Kiingereza juu ya jibini, wakadhani ni ufundi mpya wa Ulaya, wakanunua zaidi. Watu bwana.

Kisha zikaiva jibini ambazo Twizeyimana alizitengeneza mwenyewe baada ya ugonjwa. Alizipanga kwenye ubao wa juu, akamwambia mkewe bila mzaha:

"Hizi njo za kwanza za bila pua. Kama zimeoza, nauzisha ngombe, nafunga mulango. Siwezi kulisha batu sumu."

Adelaïde alijua maana ya mlango huo kufungwa. Wakati wa ugonjwa mumewe alikuwa akikaa ameuelekea ukuta, haulizi hata ni ng'ombe wa nani amezaa. Aliuogopa ukuta ule kuliko njaa.

Asubuhi iliyofuata alinusa ya kwanza. Uvundo ulimpanda hadi machoni. Huenda bidoni moja ya maziwa haikuoshwa vizuri, na nani angejua?

"Whiff," alisema.

Kesho yake akasema vilevile. Twizeyimana aliziosha kwa maji ya chumvi huku akipiga mluzi, na mkewe akashindwa kuukatiza mluzi ule. Alijiapiza kusema kweli kabla mnunuzi hajafika. Siku zikapita, ulimi ukazidi kuwa mzito.

Mnunuzi akafika. Mama Murekatete wa Goma alisimama uani kando ya pikipiki yake, vikapu tayari.

"Ya Papa Carmel sionjake," alisema. "Nafungaka tu mu kikapu."

Ndani ya chumba, Twizeyimana alitoboa jibini ya juu kabisa, akamsogezea mkewe kipande.

"Sema, Mama Carmel."

Adelaïde alifikiria watoto wa Goma ambao wangepewa kitu hicho na mkate. Akamfikiria mumewe na ukuta. Alifungua mdomo, na machozi yakawahi kabla ya neno.

"Reek," alisema mwishowe. "Zote. Tangu siku ya kwanza."

Mumewe aliweka kisu chini taratibu, akachungulia nje.

"Mama Murekatete, utanisamehe. Leo hakuna ya kuuzisha. Rudia mwezi ujao."

Pikipiki ilipoondoka, alirudi akaketi karibu na mkewe.

"Nilijua," alisema. "Shavu yako ya kushoto inarukaka ukisikia harufu mubaya. Toka tulioana iko vile. Mudomo ilisema whiff, shavu ikasema reek."

"Ulijua, na ulikuwa unapiga mluzi?"

"Juu usisikie namna roho ilikuwa inanipiga. Nilikuwa nangojea useme wewe mwenyewe."

Adelaïde alifuta macho kwa kitenge. Lilibaki swali moja tu, na aliliogopa.

"Sasa utafunga mulango?"

"Juu ya nini? Nilifikiri pua yangu imekufa. Kumbe iko, iko kwa uso wako." Akamshika mkono. "Lakini isinidanganye tena."

Walizibeba jibini zote hadi pembeni mwa shamba la maharage, wakachimba, wakafukia. Adelaïde alikohoa na kulalamika njia nzima, mume akamcheka kwa raha ya mtu asiyesikia kitu.

Kesho yake asubuhi maziwa mapya yalifika kutoka malisho ya Karuba. Twizeyimana alifungua bidoni, akamwinulia mkewe kifuniko. Yalikuwa matamu, yananukia majani mabichi na mvua ya usiku. Adelaïde alitafuta neno la Kiingereza, asilipate. Carmel alikuwa amewaachia mabaya tu. Akabaki amefumba macho juu ya kifuniko, anavuta pumzi.

Mumewe alilitazama shavu la kushoto kwa muda mrefu. Halikuruka.

"Usiseme kitu," alimwambia. "Nimeisikia."