Stelingi Kapandisha

Siku ile mjinga alikuwa Sufiani, na mwenyewe hakatai. Mwenye akili huonja mboga kabla ya kumpakulia mkwe. Yeye aliona tu picha ya jalada la sinema, wanaume wenye kofia pana na suti za milia, mmoja kaegemea gari refu jeusi, akasema moyoni: majambazi hawa. Basi, akawaalika wakwe.

Kazi yake ilikuwa kutafsiri picha kwenye kibanda umiza kimoja cha Mji Mpya, pale Morogoro. Runinga inakwenda, yeye kakaa pembeni na maiki, anamsemea kila mtu kwa Kiswahili: stelingi, adui, mpaka mbwa. Kizungu chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini ngumi hazina sarufi, hivyo hakuna aliyewahi kulalamika.

Shida ilikuwa mjomba. Sufiani alitaka kumwoa Raya, na kwa Waluguru mjomba akikataa, baba akubali hata mara saba, anatwanga maji. Mjomba mwenyewe, Mzee Mikidadi, mkulima wa kabichi kule Mgeta, alishasema hamtoi mpwa wake kwa mtu anayeishi kwa kubwabwaja.

"Lakini nitakwenda nimsikie akibwabwaja," alimwambia Raya, "nisije nikamsingizia."

Jumapili mchana akashuka na lori la karoti, yeye na mkewe Bi Mwaisha, wakakaa benchi la mbele pamoja na Raya.

"Leo damu itamwagika," Sufiani akatangaza.

Mwenye suti ya milia akashuka garini, akatia mkono kotini. Watu wakainua shingo. Akatoa ua. Akalinusa. Akaanza kuimba.

Sufiani akasogeza maiki. "Anampumbaza adui," akasema.

Muuza magazeti naye akaitikia. Polisi akatokea, Sufiani akashukuru Mungu, lakini polisi akazungusha rungu lake na kugongesha viatu barabarani kama mvua ya mawe juu ya bati. Kisha wanawake wakamiminika kwenye ngazi, wamevaa manyoya kama majogoo wa sikukuu, wakirusha miguu kwa pamoja. Hakuna aliyekosea, na hakuna aliyewafundisha.

Vita amevitafsiri, mafuriko, hata nyoka mwenye vichwa viwili. Furaha inayoupiga mtaa mzima bila taarifa alikuwa hajakutana nayo. Alijua jambo moja tu la kufanana nalo.

"Jamani," akanong'ona kwenye maiki, "wamepandisha mashetani."

"Shetani gani huyo?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Wa Kizungu. Anataka viatu vipya."

Hapo ulimi ukamfunguka. Kila wimbo ukawa madai ya shetani: anataka udi, anataka marashi, anataka yule binti wa gauni la njano na akicheleweshewa atamchezesha polisi mpaka afukuzwe kazi. Watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, mabenchi yakahama yalipokuwa. Sufiani akainuka na maiki yake, visigino vikigonga sakafu, wakwe kawasahau kabisa. Alipowakumbuka, akatupa jicho mbele. Buti la shamba la Mzee Mikidadi lilikuwa linagonga vilevile. Mzee akaliona lile jicho, buti likatulia.

Picha ilipokwisha, Sufiani akawafuata nje.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Uliahidi damu."

"Niliahidi, mzee. Sikuitazama kwanza."

"Na hao mashetani?"

Sufiani akamwangalia Raya, ambaye Kizungu anakijua, na ambaye alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya mtandio.

"Hakuna shetani, mjomba," Raya akasema. "Stelingi alikuwa anampenda tu yule binti."

"Ndiyo ninayosema. Mwongo huyu." Mzee Mikidadi akavuta kofia yake. "Na picha yenyewe uongo. Mtu mzima, akili zake timamu, ampende mwanamke halafu aimbe njiani, na kila anayekutana naye aitikie? Wapi mmeona? Mpwa wangu simtoi kwa mambo ya namna hii."

Bi Mwaisha akajifunga khanga upya, taratibu.

"Wewe ulipokuja kuniposa uliimba kutoka bondeni mpaka mlangoni kwetu, mashamba yote yakakuitikia. Mama akasema huyu kapandisha mashetani, na dawa yake ni kupewa mke."