Stesheni za Shuaib

Sahani ya kaure ililia gizani, trr, trr, na Saadiya akajua picha imefika. Simu yake hulala ndani ya kidaka cha ukutani, juu ya sahani ya marehemu bibi yake, kwa kuwa hapo tu ndipo mtandao unapokamata. Simu ikitetemeka, sahani nayo hutetemeka. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado. Akanyoosha mkono juu ya mtoto wake wa miezi tisa, akaitazama: ukumbi wa chini ya ardhi, dari limekunjwa kama hema, taa nyeupe, treni imesimama, na kando yake ngazi ndefu inayopanda mpaka isionekane. Hakuna mtu.

Mumewe Shuaib alikuwa Arabuni mwaka wa tatu, na likizo alikuja mara moja tu. Kazi yake ilikuwa katika stesheni za treni zipitazo chini ya ardhi. Kabla abiria hawajaingia huzipiga picha, akamtumia. Kukicha, binti yao Razan wa miaka mitano huhesabu vipandio vya ngazi kwa kidole juu ya kioo cha simu. Ndivyo alivyojifunza kuvuka kumi.

Jioni hiyo Saadiya alizipeleka picha zile darasani. Mwalimu Hadia, anayewafundisha wanawake wa kisiwa cha Amu kompyuta na kupiga picha kwa simu, alikuwa amemtaka kila mmoja alete picha za majengo, zichaguliwe za kutundikwa kwenye maonyesho. Wenzake walileta milango ya nakshi. Yeye akaleta stesheni, na jirani yake Ruba akamtania kwamba stesheni ya Amu ni jeti ya mashua, na treni zetu ni punda, zina masikio marefu na hulia usiku. Saadiya akacheka kuliko wote. Alikuwa na raha, kazi ya mumewe inatazamwa na watu.

Mwalimu akazirusha ukutani kwa mtambo wa kuonyeshea picha, moja moja. "Msitazame jengo kwanza," akasema. "Mtafuteni mpigaji. Yuko wapi?"

Picha za zamani zilijibu upesi. Hapa alikuwa juu kabisa, akiinamia reli. Hapa alilala sakafuni akitazama nguzo. Kisha kukawa na pengo la miezi miwili, wakati ule Shuaib aliposema simu imeharibika, siku chache baada ya Saadiya kujifungua. Baada ya pengo, picha zote zilipigwa kutoka kimo kimoja. Na kila moja ilikuwa na ngazi, imepigwa kutoka chini.

"Huyu amekaa," mwalimu akasema juu ya picha ya alfajiri, akaikuza. Kwenye kioo cha mlango wa treni palikuwa na mtu aliyeshika simu. Akaikuza tena. Mtu yule alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, na suruali yake upande wa kulia imekunjwa na kubanwa kwa pini juu ya goti.

Mwalimu Hadia akauzima mtambo upesi, kama aliyefungua chumba kisicho chake. Saadiya akampa Ruba mtoto amshikie, na papo hapo akamnyang'anya, mwenyewe asijue kwa nini. Ruba alikuwa ametazama chini. Hakuwa ameshtuka.

Njiani mambo yakajipanga yenyewe. Mwenye duka la kona, aliyezoea kumuuliza kila wiki Shuaib yuaja lini, alikuwa ameacha kuuliza tangu wakati wa pengo lile. Mtaa mzima ulijua. Ulikula naye Idi, ukijua.

Nyumbani mama mkwe wake, Bi Mwanamkisi, alikuwa ukumbi wa chini akichambua mchele. Alimtazama usoni mara moja, akauweka ungo chini, akaeleza bila kuulizwa. Gari lilimgonga Shuaib akivuka barabara, Saadiya akiwa na siku kumi na mbili tangu kujifungua. Na mzazi aliye ndani ya arubaini ya uzazi hapelekewi habari mbaya, maziwa yasije yakamkatika. Basi wakanyamaza wote.

"Arubaini iliisha zamani, mama."

"Iliisha, mwanangu, na mimi nikakosa ndia ya kuanzia. Kila siku nasema kesho." Bi Mwanamkisi akajifuta kwa ncha ya leso. "Kazini wamempa dirisha la kupokea vitu vilivyopotea, na huko ataka kubaki. Asema vyumba vyetu viko juu, na yeye hatabebwa kama gunia mbele ya wanawe. Asema mwezi huu atakupa talaka, uolewe na mtu mzima wa viungo."

Saadiya akakaa kwenye kipandio cha kwanza cha ngazi yao ya mawe, ile ngazi nyembamba, wima, anayoipanda kila siku bila kuifikiria. Sasa ndipo alipojua kwa miezi yote ile Shuaib alikuwa akitazama nini. Akabonyeza simu amrekodie ujumbe. Sekunde zikawa zinakwenda.

Juu yake akasikia mchakacho. Razan, aliyesikia yote kutoka huko juu, alikuwa akiteremka kwa makalio, kipandio baada ya kipandio, kama afanyavyo siku zote. Alipomfikia mama yake akaishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza kinywani.

"Baba, vipandio vyetu ni kumi na kimoja tu."