Mkono wa Kushoto Ulikuwa wa Baridi

Tangu asubuhi Mama Fundi alikuwa akimkanda mwanawe mgongo, na sasa jua limepanda, vidole vimemfa ganzi. Mwanawe ni seremala. Alikuwa anapiga randa tu, akasikia kitu kinachanika ndani, kutoka katikati ya mabega hadi kiunoni.

"Ni misuli hiyo," mama alimwambia.

"Mama, hii si misuli."

"Udaktari umesomea lini? Lala."

Mkewe akachungulia mlangoni. "Mama, jasho linamtoka. Twende hospitali."

"Mkwe wangu, kila kitu hospitali! Huyu nimemlea kwa mikono hii."

Akahamia kwenye mikono ya mwanawe. Wa kulia ulikuwa na joto. Wa kushoto, baridi kama kopo la maji. Akaushika tena.

"Ita gari," akasema.

Hospitali walimpima presha mikono yote miwili, namba zikakataa kulingana. Wakampiga picha. Daktari akarudi mbio.

"Mama, mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo umechanika kwa ndani, kama bitana ya koti. Ukipasuka wote, tumempoteza. Tutapita kinenani na waya mwembamba, tupeleke mrija wa kitambaa uzibe palipochanika. Dawa za presha anameza?"

"Aliacha. Alisema hasikii ugonjwa. Na mimi nikamwambia apumzike, dawa nyingi zinakula figo. Leo tena nimemkanda, daktari. Tangu asubuhi."

Daktari hakumgombeza. Afadhali angemgombeza.

Walikaa kwenye benchi masaa matatu. Mkwe alisinzia begani kwake, naye hakujisogeza, ingawa bega lilimuuma. Maombi yalimwishia, akabaki anahesabu vigae vya sakafu, akikosea anaanza upya.

Mlango ukafunguliwa. "Mrija umekaa vizuri," daktari akasema, macho mekundu kwa uchovu. "Mkono umepata joto. Lakini dawa, mama, ni za maisha."

Siku ya nne mgonjwa akageuza shingo kwenye mto wa kitanda. "Mama, mgongo umechoka kulala. Nikande kidogo tu."

"Mikono yangu imestaafu."

Mkwe akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Mama hakucheka. Alifungua pakiti, akaweka kidonge kwenye kiganja cha kushoto cha mwanawe, akakishikilia kiganja hicho kwanza mpaka akaridhika na joto lake.

"Meza," akasema, "nikikuona."