Gundi Niliyompaka Mama

Usiku wa jana niliota daraja tunalolipima kule Njombe limekuja ofisini, limevua viatu mlangoni, linamtafuta fundi aliyelipaka gundi.

"Ni mimi," nikasema. "Hidaya."

Kazi yangu ni kubandika uzi wa kioo chini ya madaraja. Daraja likivutika, uzi nao unavutika, na mwanga unaopita ndani yake unatuonyesha ni kwa kiasi gani. Nilikuwa nimepaka gundi nene kuliko nilivyoelekezwa, maana naogopa sana vitu kubanduka.

"Nimevutika mia," daraja linasema. "Uulize uzi umesikia ngapi."

"Sitini," uzi unajibu bila haya. "Nyingine zimeliwa na gundi."

Gundi inajipangusa mdomo. "Mimi ni laini. Kitu kikipita kwangu, lazima nionje."

Nageuka kutafuta msasa, najikuta jikoni kwetu Pangani. Hakuna anayeshangaa. Mama amekaa kwenye mbuzi, anakuna nazi. Uzi ule ule umetoka kiunoni mwake umeishia kifuani kwangu, na huku na huku umezikwa kwenye gundi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo? Kazi haijambo? Baridi ya huko je?"

"Haijambo, mama. Nawe je?"

"Sijambo, alhamdulillahi."

Kila tukijibizana, gundi inanenepa. Hiyo ndiyo simu yetu ya kila Ijumaa, mwaka wa tatu sasa. Yeye hajambo, mimi sijambo, tunaagana.

"Anavutika mia," daraja linaninong'oneza, limeinama lisigonge dari.

Mimi nilikuwa nasikia kumi. Nikaona uchungu, kwa sababu nimemkumbuka mama mpaka mbavu zinauma, na yeye huenda hasikii hata hizo kumi.

Naanza kukwangua kwa kucha. Gundi inalalamika kwamba haikusomeshwa ili iishie hivi. Sijali. Nakwangua kwangu, kisha kwake, mpaka imebaki nyembamba kama ganda la kitunguu. Uzi ukavuta mara moja, nikapiga magoti.

Nikaamka, kumekucha. Nikampigia mama, na leo ni Jumanne.

"Shikamoo, mama. Nimekukumbuka."

"Nimetoka kuswali sasa hivi," akasema, "kitu kikanivuta kiunoni, ikabidi nikae chini. Njoo, Hidaya. Nimechoka kusema sijambo."