Sura ya Harusi

Mtu asiyeandika hudhani kwamba maradhi yakiingia mjini, mwandishi ndiye mwenye raha, maana kazi yake ni ya kukaa ndani. Marijani wa Temeke angemkaribisha mtu huyo aje akae naye wiki moja tu, na akija aje na jembe lake.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na saba, mwaka wa mafua yale yaliyokuja na meli, yakateremka gatini bila kulipa ushuru, yakafika Temeke kabla ya abiria wenyewe. Ijumaa moja msikiti mzima ulikohoa, hata imamu alipotoa salamu hakuna aliyemsikia. Vijana walilala siku chache wakaamka wamekonda. Wazee na watoto wachanga, wengine hawakuamka.

Marijani alikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini, akaacha kazi kwa sababu ambazo mkewe, Mwajabu, alikuwa bado anasubiri kuelezwa. Tangu hapo alitunga hadithi, akazichapisha kwa gharama yake, na kuziuza kwa mkono wake mwenyewe: asubuhi kivukoni, jioni kwenye kiwanja cha mpira, na kwa mashemeji zake wakati wowote atakaowakuta hawajafunga mlango. Hakuwa na bwana wala msimamizi. Mwajabu, aliyekuwa akikaanga vitumbua barazani, aliwaambia wateja wake kwamba mumewe ni mtu huru kabisa, hata wa kumfukuza kazi hana.

Hadithi aliyokuwa nayo safari hii ilimhusu Zena na mchumba wake, fundi cherehani. Kwa sura kumi na moja Marijani aliwazuia wasioane. Aliwaletea ami mlafi, akawaletea kesi, akamtupa fundi Tanga na kumrudisha kwa miguu. Sura ya kumi na mbili ndiyo ya harusi, na kule kivukoni alikuwa ameshawaahidi watu kwamba harusi hiyo wataila kwa macho mpaka washibe. Sura hiyo alikuwa hajaiandika.

Nyingine zote zilikuwa tayari kwenye kiwanda cha chapa huko mjini, zimepangwa kwa herufi za madini ya risasi, kila ukurasa umefungwa kamba na kusimama mezani kama tofali. Aliyezipanga ni Gaudens, mtu wa Bukoba, mwembamba, aliyeweza kusoma maneno kinyumenyume upesi kuliko wengine wanavyoyasoma yalivyo. Herufi zile ziliagizwa kwa ajili ya Kiingereza, na Kiswahili kilikuwa karibu kuzimaliza a zote na k zote. Mwenye kiwanda alizitaka kwa kalenda za mwaka mpya. Alikuwa amesema neno lake na hakulirudia: sura ya mwisho ifike Jumamosi kabla ya adhana ya adhuhuri. Isipofika, kamba zitakatwa, tofali zitavunjwa, na kila herufi itarudi kisandukuni mwake. Kazi ya mwaka mzima ingegeuka kuwa rundo la a. Kupanga upya, hakuna ambaye angekubali, hata Gaudens, na Gaudens alikuwa rafiki.

Jumatatu Marijani aliketi, akachovya kalamu, akaandika: *Ngoma ililia.* Mlango ukabishwa. Alikuwa Sadallah, muadhini, anakuja kusema kuwa mtaa wa pili kuna msiba. Temeke asiyezika hazikwi, hilo halihitaji kuelezwa. Marijani alikwenda. Aliporudi na udongo kwenye kucha, aliyatazama maneno *Ngoma ililia* akaona kama yameandikwa na mtu mwingine, tena mpumbavu. Jumanne mlango ulibishwa tena. Jumatano alizika asubuhi, akatazama wagonjwa mchana, na alipoketi kwa Zena wake hakuweza kumpaka hina. Kila alipomvisha nguo nyeupe aliona sanda.

Mwajabu ndiye aliyetoa shauri. Siku hiyo gari la bwana afya lilikuwa limepita na kipaza sauti, likitangaza kwamba mwenye mafua abaki ndani na asitembelewe na mtu. Mwajabu aligeuza kitumbua chake, akasema bila kumtazama, "Basi kesho wewe unaumwa."

Hesabu yao ilikuwa nzuri. Mgonjwa hatembelewi, mgonjwa haziki, mgonjwa ana siku nzima na mlango uliofungwa. Waliyemsahau katika hesabu hiyo ni Temeke. Alhamisi, Mwajabu alipowaambia wateja wa kwanza kwamba mumewe, baba Chausiku, kalala hoi, habari ilizunguka mtaa kabla mafuta hayajapoa. Kuhusu lile tangazo, watu walisema serikali haina jamaa, ndiyo maana haijui kutembelea mgonjwa.

Wa kwanza alikuwa Bi Mwanabaraka wa nyumba ya pili, mwanamke mzee aliyemjua Marijani tangu akitembea uchi. Alikuja na uji, yeye mwenyewe akikohoa. Marijani aliruka kitandani, akasukuma karatasi chini ya godoro na kujifunika mpaka kidevuni. Nyuma ya bibi walikuja wanaume wa msikitini, wakakaa kwenye kitanda chake, mmoja akamkanda miguu isiyouma. Wakazungumza juu ya nani kafa na nani hajambo, kisha juu ya mpira. Walipoondoka walikuja wengine. Bi Mwanabaraka hakuondoka. Alichemsha chungu cha mvumbasi na majani ya mkaratusi, akamkalisha Marijani juu ya kigoda, akamfunika blanketi gubigubi, yeye na chungu, akawa analibana blanketi kwa mkono.

Ndani ya ule mvuke mtu mzima asiye na ugonjwa alitoka jasho kama mwizi.

"Huyo Zena wako kaolewa?" Bi Mwanabaraka aliuliza kwa nje. Mjukuu wake alikuwa akimsomea vitabu vya Marijani, na hadithi hii aliidokezewa kila alipokuja kununua vitumbua.

"Bado, bibi," blanketi likajibu.

"Muoze bwana. Umemchelewesha mno. Wengine sie hatuna siku za kungoja."

Marijani alisema inshallah, na mvuke ukamwingia kooni, akakohoa kikohozi cha kweli, bibi akaridhika kwamba dawa inafanya kazi.

Alasiri, wageni walipopungua, aliingia Hija. Hija alikuwa mchongaji milango, lakini tangu mafua yaanze alikuwa hajachonga mlango hata mmoja. Yeye ndiye aliyejua kuchimba kaburi likakaa sawa, na mwanandani, ule uwazi wa ndani wa kumlazia maiti, usibomoke, kwa hiyo kila msiba ulianzia kwake. Alisimama katikati ya chumba, akamtazama Marijani usoni, akatazama vidole vyake vilivyokuwa juu ya blanketi. Vilikuwa na wino mbichi.

Marijani aliviingiza ndani, amechelewa. Alitaraji maneno, kwa kuwa Hija alikuwa na ulimi kama patasi. Hija alivua kofia tu, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Sogea," alisema. "Na mie niumwe kidogo."

Akajinyoosha kando ya ukuta, na punde alikuwa anakoroma. Mwajabu alichungulia, akaona wagonjwa wawili mahali pa mmoja, akarudi kwenye vitumbua vyake akitikisa kichwa. Na hapo ndipo Marijani alipopata kile alichokuwa akikitafuta wiki nzima. Wageni walifika mlangoni, wakaona Hija kalala, wakanong'onezana kwamba jamani hata Hija, wakaondoka kwa ncha za vidole. Nyumba ikawa kimya. Marijani alitoa karatasi, akaweka ubao magotini. Aliandika magari ya kumpokea bwana harusi, akafuta. Aliandika sinia za pilau, akafuta. Karibu na magharibi aligusa mguu wa Hija kwa bahati mbaya, akakuta unachoma.

Usingizi ule haukuwa wa uchovu peke yake. Kufika Ijumaa alfajiri Hija alikuwa anatetemeka mpaka kitanda kinalia, na Mwajabu alikuwa amekesha akimbadilishia vitambaa vya maji.

Kulipopambazuka Sadallah alibisha. Bi Mwanabaraka alikuwa amefariki usingizini. Angezikwa baada ya swala ya Ijumaa, na kaburi bado, naye Sadallah alikuwa anamtafuta Hija. Aliingia, akamwona Hija alivyo. Kisha akamgeukia yule mgonjwa mwingine, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda, mzima, kalamu mkononi. Mwajabu alitazama sakafu.

Marijani alijua hesabu yake vizuri, ilikuwa Ijumaa. Akitaka, angerudi kitandani akohoe, na Sadallah angekwenda kutafuta mwingine mwenye nguvu katika mtaa ambao karibu wenye nguvu wote walikuwa wamelala. Sura ingeandikwa. Karatasi ilikuwa hapo magotini, na juu yake kulikuwa na mistari miwili ambayo, kwa mara ya kwanza, haikumchukiza.

Aliweka kalamu chini.

"Si nilisikia unaumwa?" Sadallah akauliza.

"Nimepona."

"Alhamdulillahi," alisema Sadallah, na uso wake haukuonyesha kitu. "Basi chukua jembe."

Ardhi ya makaburini ilikuwa na mchanga juu na chini yake udongo uliokauka kama kigae. Walichimba watatu, Marijani na Sadallah na mzee mmoja aliyepaswa kuwa kitandani. Kalamu haimfunzi mtu kushika beleshi. Malengelenge yalitoka, yakapasuka, na Marijani akaendelea kuchimba juu ya yaliyopasuka. Mwanandani wake haukunyooka kama wa Hija, na aliporekebisha upande mmoja ule mwingine ukamomonyoka. Mwishowe Sadallah alimshika bega, akamwambia inatosha, bibi hakuwa mtu wa makuu. Walimlaza baada ya swala. Waliosimama kumzika walikuwa wachache kiasi kwamba kila mmoja alirusha udongo wake na wa mwenziwe.

Jumamosi asubuhi viganja vilikuwa vimevimba na havikujikunja. Alijaribu kalamu, ikaanguka. Aliijaribu kwa mkono wa kushoto, akatazama alichoandika, akacheka peke yake. Mwajabu alijua kusoma msahafu, lakini herufi za Kizungu alizijua za kutia sahihi tu, na mikono yake ilikuwa kwa Hija, aliyeanza kumeza maji. Alimfunga mumewe vitambaa viganjani, akamwambia aende hivyo hivyo, mdomo si haukuchimba.

Marijani alikwenda kwa miguu, kupitia Keko, barabara nyeupe kwa jua. Alikuta kiwanda kizima kina mtu mmoja. Mwenye kiwanda alikuwa nyumbani na homa, lakini agizo la kalenda lilikuwa limebandikwa ukutani. Gaudens alikaa mbele ya visanduku vyake vya herufi, amefunga shuka shingoni, macho mekundu.

"Sura iko wapi?" aliuliza.

Marijani alimwonyesha mikono. Gaudens aliitazama, kisha akasema alikuwa na nguvu ya kusimama kwa muda kidogo tu. Akachukua kipande cha chuma cha kupangia herufi, akakishika kifuani.

"Basi sema. Mie nitapanga unavyosema, usinirudishe nyuma."

Marijani aliegemea meza. Alitafuta ngoma yake, magari yake na pilau yake, asivione.

"Zena aliolewa siku ya Ijumaa," alisema, "baada ya swala." Herufi zilianza kugonga chuma moja moja. "Waliokuja walikuwa wachache, kwa sababu wengine walikuwa wanaumwa, na wengine walikuwa wamekwisha kufa."

Vidole vya Gaudens vilisimama. "Katika hadithi hii hakuna aliyeugua."

"Sasa wameugua."

Gaudens alifikiri, akaendelea. Marijani alimwambia kwamba bwana harusi alivaa kanzu aliyoishona mwenyewe, na mshono wa upande mmoja haukunyooka. Kwamba mpiga ngoma alikuwa mmoja, naye alipiga ameketi. Kwamba jirani mmoja mzee, aliyekuwa amesisitiza siku zote waozwe haraka, hakuwepo, na Zena alimtengea mahali kwenye mkeka, watu wakakaa pembeni bila kupakalia.

"Walikula?" Gaudens aliuliza.

"Walikula."

"Nini?"

"Weka wali, Gaudens. Nisipowapa wali wale watu wa kivukoni watanitupa majini."

Gaudens aliweka wali. Alikohoa mpaka akainama, akajifuta, akauliza kama kuna zaidi. Marijani alisema wakaondoka kwenda kwao, na huko mbele ya safari Mungu ndiye ajuaye. Ilikuwa imebaki saa nzima kufika adhuhuri, na sura ya harusi haikujaza hata nusu ya ukurasa.

Chini palibaki peupe. Gaudens alisema ukurasa hauwezi kwenda hivyo, utalegea ndani ya fremu, akafungua kisanduku cha mapambo na kutoa ua la risasi la kujazia. Akaliingiza, akabana, akafunga kamba. Ua lilikaa kichwa chini. Wote wawili waliliona, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuligeuza.